Kompyuta inagoma asubuhi ya baridi, saa sita inawaka yenyewe: tuongee kabla hujapiga Windows

#1 FundiSokomatola

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na wengine wote habari za baridi.

Kila ukiingia mwezi wa sita hapa Mbeya meza yangu inajaa mashine za nyumbani, na mteja anafika na hukumu mkononi: "Fundi, Windows imekufa, nipigie mpya," yaani niifute niiweke upya. Ukimuuliza ikiwashwa inaonyesha nini, anakwambia haionyeshi kitu, feni inacheza kidogo inakata. Sasa Windows inahusikaje hapo? Windows imelala ndani ya diski. Mashine ambayo hata feni yake haijashika mzunguko haijaifikia diski kuiuliza lolote.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jua mashine yako imekwama wapi. Ukibonyeza swichi, pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme, inaamka kwanza. Ikijiridhisha kwamba umeme wake umetulia inaipa madabodi (ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ishara, ndani ya nusu sekunde hivi. Madabodi ikiipata inaamsha prosesa (ubongo wa mashine), inakagua RAM (kumbukumbu ya muda), inawasha picha, ndipo unaona nembo ya kampuni. Baada ya hapo ndiyo inatafuta diski. Windows inapata zamu yake mwisho kabisa. Kwa hiyo kama hujaona hata nembo, kupiga Windows ni kupaka rangi nyumba ambayo msingi umetitia.

Tuanze na isiyojibu kabisa. Msicheke, anzeni ukutani. Chomeka taa au chaji ya simu kwenye soketi ileile, halafu kwenye tundu lilelile la ekstensheni. Jaribu waya mwingine, hata wa monita unaingia. Geuza mashine, nyuma kwenye saplai kuna swichi ndogo, watoto huwa wanaizima. Kuna saplai za zamani zina na swichi nyingine nyekundu imeandikwa 115 na 230. Mitumba ya ofisi iliyotoka Marekani inaweza kuja ikiwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukiiwasha hivyo utasikia mlio na harufu, na hapo hakuna tena cha kuchunguza.

Soma pia lebo ya saplai. Iliyoandikwa 100-240 inavumilia mengi. Iliyoandikwa 200-240 haina subira: nyumba iliyo mwisho wa laini, jioni kila mtu amewasha, umeme ukishuka chini ya hapo inaanza kusumbua, wakati laptopu ya jirani inaendelea kama kawaida. Watu wanalaumu mashine, kumbe ni umeme mdogo.

Sasa baridi, ndiyo iliyonifanya niandike. Ndani ya saplai na kwenye madabodi kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo. Nyingi zina majimaji ndani. Miaka inavyokwenda na joto linavyozipiga, yale majimaji yanakauka taratibu. Kapasita iliyochoka ikipata baridi, ukinzani wake wa ndani unapanda, umeme unaotoka unakuwa na mawimbi, saplai haijiridhishi, ishara haitoki. Unaona feni inashtuka na kusimama. Unabonyeza tena, na tena, kila jaribio linaipasha kidogo, mwishowe inakubali. Kufika saa sita mchana chumba kimepata joto, inawaka bonyeza moja. Ukiona hivyo huna haja ya mganga wala ya Windows. Saplai ndiyo inayoaga, na wakati mwingine ni kapasita za madabodi. Fungua ubavuni uangalie: kichwa cha kapasita kiwe bapa. Kilichovimba au chenye ute wa kahawia juu, umeshampata mhusika. Ila isiyovimba nayo inaweza kuwa imekauka, macho peke yake hayatoshi.

Feni inazunguka vizuri lakini kioo cheusi? Kwanza waya wa monita. Kama mashine ina kadi ya picha ya kuongeza, chomeka kwenye kadi, usichomeke kwenye tundu la madabodi. Kisha RAM. Zima, chomoa umeme ukutani, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba laini ya penseli, pangusa, rudisha moja tu mpaka vibano vibane vyenyewe. Jaribu kila moja peke yake na kila tundu. Na hii watu wengi hawaijui: kama mashine ina spika yake ya ndani, toa RAM zote uwashe. Ikipiga milio ya kulalamika, furahi. Maana yake prosesa na madabodi viko hai vinatafuta kumbukumbu. Ikikaa kimya kama ilivyokuwa, tatizo liko chini zaidi.

Nembo inaonekana halafu inasema "No bootable device" au inazungusha tu vidoti? Hapo ndiyo tumefika kwenye diski na Windows. Chomoa flashi zote kwanza, mashine nyingine zinahangaika kuwakia kwenye flashi ya nyimbo za kwaya. Hiyo sehemu ni ndefu, nitaijibu kwa maswali.

Wekeni dalili. Msiandike "haiwaki" tu. Andikeni mnaona nini, mnasikia nini, na ni saa ngapi.

#2 Mwalimu_Makete

Fundi, shikamoo kama ni mkubwa, kama ni mdogo basi poa.

Yangu ni mashine ya mezani, mtumba wa ofisi, naandikia mitihani nyumbani. Huku msimu huu sakitu inatanda kwenye nyasi, si mchezo. Asubuhi inafanya ulichosema, feni inashtuka inakata. Baada ya mapumziko ya saa nne nikirudi nyumbani inawaka. Lakini ikiwaka ina vituko vingine: saa inarudi miaka mingi nyuma, na nikiunga intaneti ya simu tovuti zote zinaniambia si salama. Kuna siku pia imeleta kioo cha bluu chenye maandishi ya hitilafu. Fundi wa hapa amesema ni virusi, nipige Windows. Mafaili ya shule yote yamo humo, nimeogopa.

#3 FundiSokomatola

Marahaba mwalimu. Usimpe mtu aipige kwanza.

Nijibu haya: usiku unachomoa waya ukutani? Na hicho kioo cha bluu kilikuja siku ileile saa iliporudi nyuma, au siku nyingine?

#4 Mwalimu_Makete

Nachomoa kila jioni. Tangu masika yale ya radi nimejizoesha. Na ndiyo, bluu ilikuja siku saa iliporudi.

#5 KibongeMafinga

Nyie mnazungusha watu. Yangu ilikuwa hivyohivyo, asubuhi haiwaki. Nikaipeleka mjini, jamaa kapiga Windows, nimerudi nayo inawaka mpaka leo. Sasa hiyo kapasita yenu ilijiponya?

#6 FundiSokomatola

@KibongeMafinga mkuu, jamaa alipigaje Windows kwenye mashine isiyowaka? Ilibidi iwake kwanza. Uliitoa Mafinga asubuhi, imefika mjini imepata jua njiani, imekaa ndani ya duka lenye watu na mashine kumi zinazotoa joto, ikawaka. Windows ikachukua sifa. Nakuombea, lakini mwakani mwezi wa saba uje utuambie. Na picha zako za zamani zilibaki?

@Mwalimu_Makete hapo una mambo mawili yaliyoshikana mkono, na yote yanatokea asubuhi kwa sababu moja: unachomoa waya.

La kwanza ni betri ya madabodi. Ni ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3, hata mafundi saa wanayo. Inatunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo ya madabodi inayoamsha mashine, wakati hakuna umeme. Waya ukiwa umechomekwa ukutani, hata kama mashine imezimwa, saplai inatoa umeme mdogo wa akiba na betri inapumzika. Ndiyo maana mtu asiyechomoa anaweza kukaa na betri mfu mwaka mzima asijue. Wewe unachomoa, betri imekwisha, saa inarudi siku ya kiwanda. Tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kompyuta inayodhani tuko miaka kumi iliyopita inaona vyeti vyote ni vya baadaye, inakataa. Hakuna kirusi hapo.

Na bluu inatoka hapohapo. Mipangilio ya BIOS ikirudi ya kiwandani, namna ya kusoma diski inaweza kubadilika, kwa mfano kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake. Windows iliyofungwa kwa namna moja ikiamshwa kwa nyingine inaanguka. Ingia BIOS, tafuta sehemu ya SATA, badilisha uone. Ikikubali, andika kwenye karatasi ubandike ndani ya mfuniko.

La pili ni saplai. Ule umeme wa akiba unaiacha na ujoto kidogo usiku. Ukichomoa inalala na baridi ya Makete yenyewe. Sasa hivi ni kiangazi, radi hakuna, jaribu kulala bila kuchomoa usiku mmoja. Ikiwaka vizuri asubuhi, umejipa jibu. Lakini mvua zikianza mwezi wa kumi na moja rudi kwenye utaratibu wako wa kuchomoa, ule ni mzuri.

#7 DadaTukuyu

Kwenye radi mimi nina neno, huku Rungwe mvua haituambii inaondoka lini. Nilikuwa nachomoa waya wa umeme kama mwalimu, nikawa najiona nimemaliza. Radi ikapita kwenye waya wa intaneti unaotoka juu kwenye kile kisahani cha bati, ikaingia kwenye ruta, ikaja mpaka kwenye kompyuta. Umeme ulikuwa umechomolewa! Sasa inawaka vizuri, Windows inaingia, ila tundu la waya wa intaneti halina uhai. Taa yake haiwaki hata nikibadilisha waya. Nipige Windows?

#8 FundiIpogolo

Dada pole sana. Usipige. Hicho kidude cha mtandao kwenye madabodi kimeungua, na habari njema ni kwamba kilikufa peke yake. Nunua adapta ya USB ya waya wa mtandao, au kadi ya kuchomeka ndani, maisha yaendelee. Kabla ya kununua jihakikishie kwa kuwasha mashine na flashi ya Linux (mfumo wa bure unaofanya kazi ya Windows) bila kuifunga kwenye diski: kama hata huko tundu halionekani, ni kifaa. Linux ikiliona na intaneti ikashika, basi ni draiva ya Windows, ile programu inayoendesha kifaa.

Na msimu wa radi chomoa vyote, wa umeme, wa intaneti, na wa antena kama unaunga televisheni. Stebilaiza haizuii radi. Stebilaiza kazi yake ni kunyanyua na kushusha volti.

Halafu Fundi wa Sokomatola, hapo pa baridi nakubaliana nawe, ila hujawapa watu namna ya kuthibitisha zaidi ya kusubiri asubuhi. Kikaushio cha nywele! Asubuhi mashine imegoma, chomoa umeme, puliza hewa vuguvugu kwenye matundu ya saplai kwa mbali dakika chache, chomeka, washa. Ikikubali, kapasita.

#9 FundiSokomatola

Kikaushio sawa, kwa mbali na kwa kiasi. Nilisita kuandika kwa sababu najua watu wetu, ukisema "pasha" kesho mtu ameweka mashine kando ya jiko la mkaa.

#10 Mwalimu_Makete

Fundi umeniona au? Mke wangu ndiye aliyeshauri jiko.

#11 FundiSokomatola

Mpe pole shemeji, ila hapana. Chumba cha baridi ukikiingizia jiko na sufuria ya maji ya chai inachemka, mvuke unatafuta kitu cha baridi ugeuke matone. Chuma cha kompyuta kiko tayari. Unyevu unakaa juu ya madabodi, unawasha, shoti. Tena masizi yakichanganyika na unyevu yanapitisha umeme. Ni hivyohivyo kwa anayesafirisha mashine usiku kutoka Njombe kushuka Kyela: ukifika usiiwashe papo hapo, iache saa kadhaa mpaka ipate joto la chumba.

Kama unaye mtu mwenye testa, apime mashine ikiwa imewaka. Waya wa njano dhidi ya mweusi uwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Zambarau ni ule wa akiba, uwe na 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Zikisoma vizuri usiseme saplai ni nzima moja kwa moja, testa ya kawaida haioni yale mawimbi niliyosema. Zikisoma vibaya, umemaliza kesi. Kipimo cha uhakika ni kuazima saplai nzima asubuhi ya baridi.

Ile ya kuunga waya wa kijani na mweusi ili saplai iwake nje ya mashine inafaa kwa plagi ya pini 24 tu, tena rangi zikiwa za kawaida. Mashine nyingi za ofisi za siku hizi zina plagi zao za peke yake. Usibahatishe, na usinunue saplai kabla hujahesabu pini.

#12 mwanachuo_iringa

Wakubwa shikamooni. Mimi ni laptopu. Taa ya kuwasha inawaka, feni nasikia, kioo cheusi tii. Niko mwaka wa tatu na utafiti upo humo, naombeni msaada usio na stori ndefu.

#13 FundiIpogolo

Marahaba mdogo wangu. Fupi basi:

Chomoa chaji, toa betri kama inatoka, bandika kidole kwenye swichi sekunde 30, rudisha chaji peke yake, washa. Bado? Zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, mashine ni nzima, mwanga wa kioo ndiyo umekufa. Hakuna picha, unga monita au televisheni kwa HDMI. Picha ikija huko, ni kioo au waya wake pale kwenye bawaba. Isipokuja kokote, RAM.

Na utafiti wako hauko kwenye kioo, uko kwenye diski. Hata laptopu ikifa kabisa diski inatolewa inasomwa kwenye mashine nyingine, ila wengine Windows imewafungia diski kwa BitLocker. Kama ndivyo, tafuta ufunguo wake kwenye akaunti yako ya Microsoft.

#14 mwanachuo_iringa

Tochi imeonyesha picha!! Nimeunga kwenye televisheni ya hosteli, nimehamisha kila kitu kwenye flashi na nimejitumia kwa barua pepe. Asante kaka, kioo nitabadilisha boom likitoka.

#15 KibongeMafinga

Picha zangu hazikubaki. Sikuambiwa kama zitafutwa.

#16 FundiSokomatola

Pole mkuu, na hapo si kosa lako. Fundi anayegusa diski bila kuuliza "una mafaili?" mimi simpi hata mashine ya kufutia vumbi. Kama ilipigwa kwenye diski ya kuzunguka, siyo SSD (diski isiyo na kinachozunguka), kuna matumaini kidogo. Acha kuitumia leo, kila unachohifadhi kinaweza kukaa juu ya picha zako. Itoe, iunge kama diski ya pili kwenye mashine nyingine, endesha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ni ya bure, na matokeo yahifadhiwe kwenye diski tofauti. Kama ni SSD, matumaini ni madogo sana, mara nyingi yenyewe inasafisha nafasi zilizofutwa.

Na wote: diski ikianza kugonga, tak tak tak, zima. Usikimbilie kuikagua kwa chkdsk, kile kikaguzi cha diski cha Windows, unamchosha mgonjwa akiwa mahututi. Washa na Linux ya flashi, kopi vya muhimu kwanza, ukarabati baadaye. Kama bado inasomeka, CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake. Namba za sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri zikiwa zinapanda wiki hadi wiki, nunua nyingine.

#17 Mwalimu_Makete

Mrejesho. Nimelala bila kuchomoa, asubuhi imewaka, imesita mara moja tu. Nimeweka betri mpya, saa imetulia, tovuti zimefunguka. BIOS nimerudisha AHCI, bluu haijarudi. Usiku uliofuata nikachomoa makusudi: saa iko sawa ila kuwaka ikagoma kama zamani. Kwa hiyo saplai, si ndiyo? Nimehesabu pini, 24. Mtoto wa jirani anakuja toka Makambako, ataniletea nyingine.

Hii mashine ina Windows 10, wameniambia nayo imeshaisha muda. Niache kuihangaikia?

#18 FundiIpogolo

Saplai ndiyo, mwalimu. Mwambie asome lebo, ikiwezekana 100-240.

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Inaendelea kuwaka, ila masasisho ya usalama ya kawaida hayaji tena. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama) na prosesa mpya kiasi, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane, mitumba mingi ya ofisi haifiki hapo. Kwa mitihani na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, Linux Mint itakutosha kabisa. Ijaribu kwenye flashi kwanza, usifunge.

#19 Mwalimu_Makete

Sawa kaka. Na ile saplai ya zamani, vijana wa hapa wanataka kuifungua wabadilishe kapasita wao wenyewe. Niwape?

#20 FundiSokomatola

Kama hawajawahi, usiwape. Kapasita kubwa ya ndani ya saplai inashika volti zaidi ya 300 na inaweza kukaa nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Ilete siku ukishuka Mbeya, nitazibadilisha, utabaki na saplai ya akiba. Na usisahau kuniambia ile mpya imewaka saa ngapi asubuhi ya kwanza.